Kijitabu Alichosoma Kamau

Ruiru, Alhamisi, 1954

Nimemkosea Kamau, na siwezi kujificha tena.

Alitusomea kanisani kijitabu cha Waingereza wa zamani, akikitafsiri kwa Kikuyu: mfalme hana haki ya kumwambia mtu vile ataomba Mungu. Watu walilia. Mimi, mzee wa kanisa, nikihubiri hawajawahi kulia. Wivu ukanishika. Nikaenda kwa chifu nikasema hayo ni maneno ya Mau Mau, wale wanaopigana na serikali msituni. Wakamfunga.

Leo Wambui, mke wake, ameniletea viazi. "Baba Njeri, wewe unajua kuongea na wazungu. Si utuombee?"

Nikamwambia nitajaribu. Viazi nimewapa watoto wote.

Jumapili, wakati wa ushuhuda, nitasimama nimwambie Wambui mbele ya wote. Jumatatu asubuhi niende kwa DO, yule mzungu mkuu wa wilaya, niseme nilidanganya. Akinifunga, sawa, bora Kamau arudi nyumbani.