Vipimo vya Ukurasa wa Kumi na Nne

4 Februari

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo. Natumaini u mzima na kazi ya dirisha la dawa hapo hospitalini haikuchoshi. Sisi hatujambo. Niliahidi kukueleza kila kitu, hata ya aibu, na nitatimiza. Naandika kwa karatasi kwa sababu simu anaishika Mama.

Mama ameanza dawa aliyoandikiwa na daktari kwa ajili ya uzito, maana magoti yanamsumbua. Maelekezo yako nimeyabandika ukutani: kidonge kimoja kwa kila mlo wenye mafuta, visizidi vitatu kwa siku, asipokula asimeze, na vitamini kabla ya kulala. Juzi alikula viazi vya kukaanga sahani nzima. Kesho yake aliniita chooni nione mafuta ya rangi ya machungwa yakielea juu ya maji. Alicheka mpaka akashika ukuta. Sasa kiti cha cherehani amekivalisha kitambaa cheusi, kwa tahadhari.

Nguo ya kuvaa kwenye harusi yako anajishonea mwenyewe. Katika daftari la vipimo la Bibi, ukurasa wa kumi na nne, amekuta vipimo vyake vya usichana, kwa mwandiko wako wa utotoni. Ameapa kuvirudia kabla ya Juni. Ile sanamu ya kushonea aliyokuwa ameivimbisha kwa vitambaa ilingane naye ameivua vyote, akaipima kwa ukurasa ule. Sasa imesimama dirishani, nyembamba, inatutazama bila kichwa.

Mwanao mtiifu.

———

15 Februari

Mwanangu,

Marahaba, marahaba. Mimi mzima, ila mchumba wangu amenunua viatu vya harusi vinavyolia kama bata, na hataki kuambiwa.

Umeandika vizuri. Mwambie Mama yako dawa ile haiyeyushi mafuta aliyo nayo mwilini. Inazuia tu sehemu ya mafuta ya chakula yasiingie, nayo hutoka kama mlivyoona. Akila mafuta mengi ataadhirika, basi. Ila hutoka pia na vitamini kadhaa, kwa hiyo hicho kidonge cha usiku si pambo.

Huo ukurasa siukumbuki. Niliandika kurasa nyingi, Bibi yako akipima mimi nikishika kalamu. Ninakilie kila kilichomo.

Mama yako Mdogo.

———

22 Aprili

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo. Nisamehe kwa kukaa kimya miezi miwili. Habari za huko? Sisi, ukituuliza, tutasema hatujambo.

Mama amepungua sana. Wateja wanamsifu, naye akawa anameza kidonge hata kwa chai kavu, siku nyingine vitano. Vya vitamini ameviacha tangu mwezi wa pili. Alikiinua kimoja kwenye mwanga, akaona kinameremeta ndani, akasema, “Haya si mafuta? Nifukuze mafuta mlangoni, niyaingize kwa dirisha?” Nilimsomea maelekezo ya ukutani. Siku iliyofuata nilikuta karatasi imebanduliwa.

Jua likianza kushuka haoni vizuri. Jana alipapasa meza akitafuta mkasi uliokuwa mbele yake. Lakini mshono wake hauharibiki hata kidogo, na hilo linanitisha zaidi. Anakata kwa mkono wa kushoto, Mama Mdogo. Tangu lini? Pini anazibana pembeni mwa mdomo, upande wa kushoto, na anaimba kwa kuvuta pumzi ndani badala ya kuitoa. Nilipomuuliza, alinitazama kama mgeni aliyepotea mlango. Pia ameanza kuniita Kidoti, nami sina alama yoyote usoni.

Huu ndio ukurasa: kifua inchi 29, kiuno 21, nyonga 30. Mikono mirefu, kola ya juu. Mgongo wazi wote, wa kufunga kwa utepe. Hakuna jina, wala kipimo cha hatua, cha nafasi ya kutembea. Nguo imekwisha, imevalishwa sanamu, nayo inabana kiasi kwamba sielewi mtu ataketi vipi ndani yake. Mama amebakiza inchi mbili tu kiunoni imwingie.

Mwanao.

———

29 Aprili

Mwanangu,

Hujambo? Leo sina mzaha, unisamehe.

Vile si vipimo vya Mama yako. Ni vya dada yetu mkubwa. Aliugua miezi minane. Alipofariki, Bibi alimpima akiwa amelala kitandani, mimi nikaandika, nilikuwa na miaka kumi na moja. Kipimo cha hatua hakikuhitajika. Mgongo uliachwa wazi ili avikwe bila kuinuliwa sana. Mama yako alikuwa masomoni mbali, akafika siku tatu baada ya mazishi. Hakuiona nguo, wala hakuna aliyemweleza. Cherehani na daftari alivirithi hivyohivyo.

Kutoona jioni kuna maelezo yake: mwili umekosa vitamini. Asimeze kidonge kingine, na kesho mpeleke kwa daktari yuleyule ukiwa na boksi la dawa mkononi. Mwambie idadi ya kweli. Asipokubali, mwite jirani mwenye gari.

Dada alitumia mkono wa kushoto. Hilo Mama yako anaweza kulikumbuka. Lakini Kidoti ni mimi. Nina alama nyuma ya sikio, Dada aliiona akinisuka, na aliniita hivyo tukiwa wawili tu, kwa kunong’ona. Sijamwambia mtu, hata huyu ninayeolewa naye. Mama yako hakupata kulijua jina hilo.

Ifungie ile nguo. Nimeomba ruhusa kazini, nitafika nikipewa.

Mama yako Mdogo.

———

9 Mei

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo. Pole kwa kunyimwa ruhusa mpaka mwisho wa mwezi, Mama amenisomea ujumbe wako kwenye simu yake wodini. Naanza na habari njema: Mama amelazwa tangu Jumatatu, na anaendelea vizuri. Alikataa kwenda, nikamsomea barua yako, ila siri ya Kidoti nikairuka. Nilipomaliza, aliomba viatu vyake. Daktari amesimamisha vile vidonge. Anapewa vitamini na chakula kidogo kidogo, na jana jioni aliniambia shati langu lina doa. Aliliona mwenyewe. Nilifurahi kama niliyefaulu mtihani. Mkasi aliomba nimpelekee akate kadi ya kukutumia, akaikata kwa mkono wa kulia. Hakumbuki kuniita Kidoti. Amelitamka mara mbili tatu, akasema jina zuri, la nani?

Nguo niliivua kwenye sanamu, nikaikunja, nikaifungia kabatini, ufunguo nauvaa shingoni. Sanamu nimeirudishia vitambaa vyake vyote, nikavifunga kwa kamba, ilingane na Mama wa Januari. Nilitaka akirudi aikute imenona.

Leo nimetoka shule saa tisa. Jirani alikuwa kwake, redio imezimwa, mlango wetu umefungwa kama nilivyouacha. Vitambaa vimekunjwa vizuri juu ya kiti cheusi, kimoja juu ya kingine, kona kwa kona. Sanamu ilikuwa tupu. Nimeipima kiuno kwa sababu umenifundisha nisikisie: inchi 21. Futi ya kupimia ilikuwa bado ina joto, kama iliyotoka mkononi mwa mtu.

Sikukimbia. Nimekaa jikoni ninaandika, na jua bado liko juu. Nilipofika kwenye neno “shikamoo” hapo mwanzo, niliitwa kutoka chumba cha cherehani. Sauti ya taratibu, ya kuvuta pumzi ndani. “Kidoti.” Haikuwa ya kutisha, Mama Mdogo. Ilikuwa kama ya mtu anayehitaji kusaidiwa kufunga utepe mgongoni.

Sikujibu, maana jina si langu. Lakini wewe ulimpenda, nawe uko mbali. Nijibu upesi: akiita tena, niitike kwa niaba yako?

Mwanao.