Jina la Wasswa kwa Kitabu Chetu

Mama Brayo mpenzi, salamu kutoka mpakani Malaba, mvua imetulowesha sisi na malori.

Nina kitu ya kukiri. Unakumbuka nilikuja nyumbani nikijisifu vile nimefukuza madereva Waganda kwa mkutano wa chama yetu ya madereva, eti chama ni ya Wakenya? Wewe hukucheka. Ulikuwa sawa.

Mmoja wao, Wasswa, tumeajiriwa kampuni moja. Jana alikataa kuendesha lori yenye breki mbovu, meneja akamnyang'anya pasipoti. Roho ilinichoma. Nikasimama mbele ya wenzangu: "Mimi ndio nilikosea huyu. Hakuna lori inasonga mpaka arudishiwe!"

Foleni yote ikazima injini. Tukawasha jiko chini ya trela, tukapika chai. Birika ya pili haijachemka, meneja akaja mwenyewe na pasipoti mkononi.

Wasswa akaniangalia. "Ssebo, bwana mkubwa, si ulisema mimi si wa hapa?"

"Wacha maneno, leta jina."

Nikaiandika na mkono yangu kwa kitabu ya chama. Akaonja chai, akasema sisi Wakenya tunaogopa sukari!

Sasa unaweza kucheka, mama. Mungu awaangalie wewe na watoto.

Wako, Baba Brayo