Presha Iliyokataa Dawa

Mama,

Tangu tukuzike, dada yako Tata Nyambura hajaacha kumsema Wambui, mke wa kaka. Kwa sababu ndiye aliyekupikia pale Ngoingwa, Tata anasema lazima kuna kitu alikuwa anatia kwenye sufuria. "Mtu anameza dawa tatu na presha haishuki? Hiyo si presha ya Mungu." Wambui alichoka. Amechukua watoto, amerudi kwao Witeithie.

Mimi shaka yangu ilikuwa kwa daktari wako. Kila ukienda alikuuliza kama kweli unameza dawa, na nilikuona ukizimeza na chai. Nakumbuka ukitoka kwake umekasirika: "Huyu ananiona mtoto." Miguu ilikuwa inakukaza, mikono ikakosa nguvu hata ya kukamua nguo. Daktari akasema ni uzee. Uzee gani, Mama?

Sasa mimi pia nina presha. Hapa kwetu Kimbo, kliniki waliniambia yale ya kila siku: chumvi, mawazo. Sikuwaamini. Nikaenda Thika kwa daktari mwingine, nikamweleza yaliyokupata. Akanipima damu, akatafuta homoni inayotoka kwenye tezi ndogo zilizokaa juu ya figo. Yangu imezidi. Inashikilia chumvi mwilini na kutoa potasiamu, ndiyo maana presha inapanda na misuli inalegea.

Nikamuuliza kama ni ugonjwa wa ajabu. "Hapana. Wanaougua ni wengi, wanaopimwa ndio wachache."

Hata yeye nilimshuku. Nilidhani ananiuzia vipimo. Lakini alinipa dawa yake na presha ikaanza kushuka. Anasema wakati mwingine hurithiwa, ila kuhusu wewe hawezi kuapa, kwa sababu hukupimwa. Hapo ndipo nakwama, Mama. Yule daktari wako hakujua, ama alijua akaona ni kazi bure?

Jumapili nilienda kwa Wambui. Alifungua mlango kidogo tu. "Umetumwa na Tata?" Nikamwambia yote nikiwa nimesimama nje. Akalia, akafungua mlango wote. Kisha akasema, "Mimi sirudi mpaka Tata aje aniambie pole mwenyewe."

Tata bado anakataa, eti hizo ni hadithi za hospitali. Lakini kaka amekubali kupimwa, na wiki hii tunaenda pamoja.

Pumzika, Mama wangu. Nakuahidi Tata atafika Witeithie, hata kama itabidi nimshike mkono njia nzima, na atasema pole kwa mdomo wake, watoto wakisikia.

Binti yako,
Njeri