Flûte Yenye Iliachwa Peke Yake

Koekelberg, 15 juin 2009

Graciella,

Hauna haya, mujukuu! Siku ine simu inalia kwako ku Auderghem, unaiachilia tu. Nani alikulea, kutoka Lubumbashi mpaka huku kwa bazungu? Ni mimi ao ni jirani?

Bon, jambo kwanza. Uko muzima? Unakula? Mimi magoti inauma, lakini Mungu iko.

Sasa unielezeshe, juu sielewi kitu. Siku ya examen ya muziki ulisimama mbele ya bantu, flûte, ile filimbi yako, mu mukono, banamuziki wakapiga mingi bila weye. Nikasema labda amesahau. Kisha ukaanza, muzuri kabisa. Halafu wote wakanyamaza pamoja! Hata ule papa wa fimbo, mwenye kuongoza banamuziki, akashusha mikono. Wakakuacha kama mutoto wa kuokota. Sisi ku chorale ya kanisa, muntu akibakia peke yake tunamusaidia. Njo nikasimama, nikapiga vigelegele, nikaimba. Bantu wakanigeukia kama mwizi. Nilikosa nini?

Kambo yako

Auderghem, 22 juin 2009

Kambo mupenzi,

Jambo sana. Niko muzima, nakula. Magoti, uendelee kupaka ile dawa.

Hakuna mwenye aliniacha. Ile concerto, muziki ya flûte moja na banamuziki wengi, Mufaransa mumoja aliiandika zamani za Révolution, ile mapinduzi ya kwao. Iko na pahali wote wananyamaza kusudi wa flûte acheze ya kwake mwenyewe. Inaitwa cadence. Yangu niliitengeneza miezi tatu. Na weye ukaimba juu yake! Pumzi ikakatika, nikatoka nalia.

Jury, wale wa kuhukumu examen, wamenipa nafasi ingine, lundi, jumatatu tarehe 29. Nitacheza cadence ya mu kitabu. Yangu nimeitoa. Tafazali, Kambo, usikuje.

Mujukuu wako, Graciella

Koekelberg, 24 juin 2009

Graciella,

Jambo. Magoti, usiulize.

Ya kwako mwenyewe? Usinidanganye! Ule ni wimbo wenye nilikuwa nakuimbia nikikuogesha mu bassin, unalia sabuni mu macho. Kwa nini haukuniambia? Nikausikia mule kati ya violon za bazungu. Nikafikiri unaniita. Muntu akiitwa, haitike?

Mpaka leo sielewi. Wimbo wa kuoga unafanya nini ku concerto ya Bafaransa? Na bantu wazima wenye violon zao, juu ya nini wanyamaze? Alors, labda nilikosa. Nimesema labda.

Lakini unisikilize. Ile kitabu iache ku nyumba. Lundi ucheze ya bassin, yote, mpaka mwisho. Mimi nitakaa inje, foulard ya kichwa ku kinywa, hata kukohoa sitakohoa.

Na mulango, uambie wauache wazi kidogo.

Kambo yako