Siku Tuliyozima Mashine

Kwako shangazi, asalaam aleikum. Mimi mzima, tena nimenenepa hadi baibui linaniomba huruma. Kazi ya kufua mashuka ya hoteli huku ugenini nimeizoea.

Uliniuliza habari za msimamizi wetu, nikawa nakukwepa. Alikuwa akitushikashika, na anayekataa anatishiwa kurudishwa kwao. Wiki iliyopita alimvua hijabu msichana mgeni kazini mbele yetu, huku akicheka. Nikazima mashine yangu. Mama mpiga pasi akazima yake, kisha chumba kizima kikawa kimya.

"Washeni!" akafoka.

"Hatuwashi," nikasema. "Aje mwenye kampuni."

Akaja. Tukaeleza mmoja mmoja; kumbe kila mmoja wetu alidhani ni yeye peke yake. Polisi walimchukua msimamizi siku hiyohiyo, na hakuna kati yetu aliyerudishwa kwao.

Sasa msimamizi ni yule mama mpiga pasi. Anaimba vibaya, shangazi, lakini tunamwachia. Yule msichana naye, baada ya kupumzika siku chache, amerudi kazini, na leo nimemsikia akicheka kwa mara ya kwanza. Mama yangu mwambie tu kwamba nakula vizuri.

Ni mimi, mtoto wa kaka yako, mkaidi yuleyule.