Kidole cha Maziwa

Dada Oyuna, shika simu.

Wale panya wawili wa jangwani alioniletea binti yangu Solongo wananing'ata. Ati niweke mkono tu kizimbani mwao, watanizoea. Leo mmoja kaviacha vidole vyote, kang'ata cha pete. Kile ninachorushia maziwa angani kila asubuhi kumwombea marehemu mume wangu!

Solongo kacheka: "Mama, kinanuka maziwa! Kanawe!"

Nikanawa kwa sabuni. Nikarudisha mkono. Kakichagua kilekile.

Nikapiga kelele: "Dorligjav, niache!"

Jina la marehemu, Oyuna! Lama, yule mtawa wetu wa Kibudha, alinikataza nisimwite, roho yake isije ikageuka nyuma njiani kwenda kuzaliwa upya.

Panya kaachia papo hapo. Kakaa ananitazama.

Solongo hacheki tena. "Mama, umemwita baba?"

Oyuna, kesho nirushe maziwa kwa kidole gani?