Pembe Mbili Chini ya Kisigino

Mhunze, Alhamisi. Kiangazi, 1984.

Jumatatu wiki hii, kabla jua halijazama, nilinyang'anywa alama yangu mbele ya watu. Naliandika hilo kwanza, nisije nikajidanganya baadaye kwamba niliitoa kwa hiari.

Upepo umevuma tangu asubuhi. Vumbi limeingia hadi kwenye chungu cha maharage. Hasira ya Jumatatu imepungua, zimebaki hesabu, na hesabu zenyewe haziniendei vizuri.

Kazi yangu ni makatambuga, viatu vya matairi. Siku hizi ndivyo viatu vyenyewe. Duka la kijiji lina rafu, lina mwenye duka, viatu havipo. Kwa hiyo kila mwenye kisu kikali na tairi bovu amekuwa fundi. Nilipoanza tulikuwa wanne pale mnadani. Wenzangu watatu walishika kivuli karibu na wachoma nyama. Mimi nilipangiwa upande wa jua, ubavuni mwa zizi la mbuzi. Viatu vyetu vilifanana, tairi ni tairi. Mteja ananunua kwa fundi aliye karibu naye, na mimi sikuwa karibu na yeyote isipokuwa mbuzi.

Nilitaka kibao chenye jina langu. Kopo la rangi, likipatikana, linauzwa sawa na tairi zima la lori. Na hata ningelipata, wateja wangu wengi ni wachungaji wasiojua kusoma, kibao wangekitazama kama wanavyotazama mti.

Halafu ikanyesha mvua ya kupita. Nikatoka nje, nikaona unyayo wangu mwenyewe kwenye tope mlangoni, meno ya tairi yamejichora vizuri kabisa, kila jino. Nikasimama pale. Mama Kabula, mke wangu, akauliza kama nimeona nyoka.

Nilikuwa nimeona kibao changu. Ardhi haidai rangi wala kodi.

Nikakata bati la kopo la mafuta, nikatoa umbo la pembe mbili za ng'ombe zilizopinda, na nukta katikati. Kila kiatu nikakilaza juu chini, nikaweka lile bati kisiginoni palipo nene, nikachora, nikachonga. Ukikanyaga vumbi, pembe zinabaki zimesimama nyuma yako. Gharama yake ilikuwa jasho na kisu kinachochovywa majini ili kisikwame kwenye mpira.

Alama nikaifunga na ahadi. Mkanda ukikatika kabla ya mavuno ya pamba yanayofuata, mwenye kiatu cha pembe arudi, nitamwekea mwingine bure. Mikanda ya mipira ya ndani ya matairi hainiumizi. Kinachoniuma ni misumari, maana hiyo nainyoosha mmoja mmoja kutoka kwenye makasha mabovu. Mwaka wa kwanza ahadi hiyo ilinila. Mwaka wa pili mafundi wenzangu walianza kusogeza vigoda vyao upande wa mbuzi.

Watu wakawa wanatazama chini na kusema, "Pembe kapita hapa." Mimi nikipita njia ya kisimani naona pembe, njia ya kanisani pembe, njia ya pombe ndiyo usiseme. Nakiri, nilikuwa natembea polepole ili nizione.

Basi Jumapili alfajiri ukapigwa mwano, lile yowe letu la kuitana. Ng'ombe tisa wa Mzee Jilala hawakuwa zizini.

Hapa kwetu mwano ukilia unatoka, hata kama ulikuwa unanyoa ndevu upande mmoja. Wakatoka walinzi wa jadi na pinde zao na filimbi, tukatoka na sisi wengine. Kazi ni kufuata nyayo. Na kila mtu anaijua desturi: nyayo zikiishia kwenye mji wa mtu, yaani boma lake, mwenye mji ndiye wa kujibu.

Kwato za ng'ombe zilionekana vizuri hadi kwenye changarawe za barabara ya Samuye. Pale zikapotea. Zilizobaki ni nyayo za mtu. Kijana mmoja wa mbele akainama, akapaza sauti, "Pembe!"

Kila mtu akanigeukia. Mimi nikaitazama miguu yao. Zaidi ya nusu ya waliokuwa wananitazama walikuwa wamezivaa pembe zenyewe.

Tulizifuata hivyo hivyo. Zikateremka kwenye korongo, zikapanda, zikazunguka shamba la mihogo, zikarudi kijijini. Jua limeshakuwa kali, watu wameshika mishale mikononi. Pembe zikaingia kwenye lango la minyaa, zikakatiza ua, zikafika mlangoni.

Mlango wa Mzee Nkwabi. Kamanda mwenyewe wa walinzi.

Ni mimi niliyemuuzia ile jozi, mnada uliopita. Alikuwa ametangulia kutoka mwano ulipolia, akakagua barabarani na korongoni peke yake, akarudi nyumbani kuchukua filimbi aliyoisahau, ndipo akajiunga nasi. Tulikuwa tumemfuata yeye, asubuhi nzima, naye yuko mbele yetu anatuongoza.

Hakuna aliyethubutu kucheka. Ila desturi ni desturi, na Mzee Jilala alikuwa amepoteza ng'ombe, si mchezo. Akasema taratibu, "Kamanda, vua tuone." Mzee mzima akavua makatambuga mbele ya wake zake, akayapindua. Pembe. Akaeleza habari ya filimbi, wakamwamini. Lakini alishavua.

Jumatatu jioni akaja kwangu na walinzi wanne.

"Baba Kabula, lete kile kibati."

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Lete kibati."

"Mzee, mimi nauza viatu. Sijaiba ng'ombe wa mtu."

"Sijasema umeiba, ng'wanawane, mwanangu. Nimesema lete."

Nikaleta. Akakitia kwenye mfuko wa koti, akatangaza kwa watu waliokuwa pale kwamba pembe zisiuzwe tena hadi kamati ya walinzi iseme. Itasema lini, hakusema.

Sasa hesabu. Fedha zote za pamba yangu ya mwaka huu, na za mbuzi wawili, zimo kwenye matairi. Jozi arobaini na mbili ziko tayari, zimening'inia ukutani, zote zina pembe. Mnada wa Jumamosi hii ndio mkubwa, watu wamelipwa pamba. Unaofuata utawakuta wameshanunua kanga na baiskeli, kwangu wataleta salamu. Nikichonga kisigino ili kuzifuta pembe, kinabaki chembamba kama chapati, kinatoboka kabla ya mvua, na ahadi yangu inanirudia yote. Nikiuza bila alama, nimerudi ubavuni mwa mbuzi.

Jumanne ng'ombe wakapatikana. Wachungaji wa upande wa Samuye waliwaona kichakani, wote tisa, ndama mmoja tu anachechemea. Wezi walikimbia. Na nyayo zao? Miguu mitupu. Hakuna pembe hata moja.

Nilikwenda kwa Kamanda mbio mbio na habari hiyo, kama mtu aliyeshinda kesi. Akasema, "Tutaona."

Njiani kurudi nikakutana na Mzinza mmoja anayeleta dagaa kutoka Nkome kwa baiskeli. Huyu mdomo wake haujawahi kulala.

"Fundi! Niuzie jozi moja. Nikiiba kuku wa mtu, mkamkamate Kamanda!"

Waliokuwa pale walicheka hadi mmoja akamwaga pombe. Na mimi nilicheka, nusu. Nusu nyingine ilikuwa inahesabu: kati ya waliocheka, aliyeulizia kiatu hakuwepo.

Usiku tukila, Mama Kabula akaniambia neno ambalo bado linanikera kwa sababu ni la kweli.

"Zamani nilikuwa nikienda kisimani najua nani ametangulia. Mguu wa mama mkwe naujua, wa Mama Shija naujua, tairi la huyu na la yule. Tangu ulete pembe zako, naona wewe tu njia nzima."

Nikamwambia hiyo ndiyo biashara.

"Ni biashara yako," akasema. "Mzee Jilala alikuwa anatafuta mwizi, akakuta tangazo."

Nilimaliza ugali nikakaa. Hapa unyayo wa mtu ni kama uso wake, na mimi niliwapa watu wote uso wangu. Fundi wa kwingineko asingelipata kosa hilo, kule watu hawasomi ardhi.

Lakini kosa likionekana, linarekebishika. Kila mji hapa una mkato wake wa sikio la ng'ombe. Wa Mzee Jilala ni ncha iliyopasuliwa. Wa kwetu ni mkato mmoja chini. Wa Mzee Nkwabi ni miwili, upande wa kushoto. Hata mtoto anayeanza kuchunga anaijua. Basi pembe zikae katikati ya kisigino, na ukingoni kila mnunuzi akatiwe mkato wa mji wake, palepale anaponunua. Pembe zinasema nani ametengeneza, mkato unasema nani amepita. Mwizi akivaa changu, atakuwa ametuachia jina njia nzima. Kazi ya ziada ni kugusa kisu mara mbili tatu, na zile jozi arobaini na mbili hazitupwi hata moja.

Jana nilitoa jozi moja ukutani, nikamchongea Kamanda mikato miwili kushoto iwe ya mfano, nikampelekea. Sikumdai kitu. Nikamweleza yote niliyoandika hapa. Akaipindua, akapitisha kidole kwenye ile mikato, akaitambua, nilimwona. Mkewe mdogo akachungulia akasema, "Ee, masikio ya ng'ombe wetu." Nikajua nimefika.

"Tutaona," akasema Mzee.

Namheshimu. Aliwahi kumrudisha fahali wa marehemu baba yangu kutoka mbali, kwa miguu, bila kudai hata kibuyu cha maziwa. Naelewa pia kwamba kuvua viatu mbele ya wake zako si jambo la kusahau katika wiki. Lakini aibu yake ya asubuhi moja isilipwe kwa mwaka wangu mzima. Kibati kimo mfukoni mwake. Kamati anayoisema ni yeye na watu wanaomsubiri yeye aseme.

Jioni hii nilikuwa nyuma ya nyumba nanyoosha misumari. Niliporudi mbele, upepo ulikuwa umetulia kidogo. Kwenye vumbi, mbele ya ukuta wenye viatu vyangu, palikuwa na nyayo mpya. Zimetoka njiani, zimesimama pale muda, maana vumbi limekanyagwakanyagwa palepale, kisha zimeondoka. Mama Kabula yuko kwa dada yake, hakuna aliyeona mtu.

Niliinama. Pembe mbili na nukta. Ukingoni, mikato miwili, upande wa kushoto.

Kwa hiyo amezivaa. Amekuja nazo hadi mlangoni kwangu, ametazama mali yangu inavyoning'inia, ameondoka bila kupiga hodi.

Nimefunika unyayo mmoja kwa karai ili upepo usiufute. Kesho nakwenda kwake saa nne asubuhi, nitasalimia kama kawaida, nitasimama uani, si ndani. Nataka neno moja, ndiyo au hapana, mbele ya walinzi walewale wanne, na kibati changu mkononi. Tutaona si jibu. Akisema hapana, nitamwomba avue alichovaa, na tutoke sote na walinzi hadi kwangu, tufunue lile karai, wajisomee wenyewe nani amepita.